Mapitio: Visomeo viwili vya hitilafu za gari, na pale ruhusa inapoishia

Kwa muda wa miezi kumi na minne nimekuwa nikitumia vifaa viwili vya kupimia gari: kidogo kinachochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani na kuzungumza na simu kwa Bluetooth, na kikubwa zaidi cha kushika mkononi, chenye kioo chake chenyewe. Nimevitumia kwenye gari langu la petroli lenye umri wa miaka kumi na mmoja, na kwenye gari la shemeji yangu, ambalo ni toleo la miaka ya karibuni. Ninaandika kwa ajili ya mwenye gari anayetaka kulitengeneza kwa mikono yake, na kipimo changu ni kimoja: kifaa kikishaniambia tatizo liko wapi, je, kinaniwezesha kulimaliza? Nilianza nikiamini kwamba ubora wa kisomeo unatokana na kisomeo chenyewe. Sasa najua kwamba sehemu kubwa ya ubora huo inaamuliwa na aliyeunda gari, hata kabla mnunuzi hajafungua boksi la kifaa chake.

Nianze na kile kidogo. Hiki ni kimoja kati ya vile vinavyouzwa kila mahali kwa jina la ELM327, jina lililotokana na chipu ya kampuni ya Kanada, Elm Electronics, ambayo ilifunga shughuli zake mwaka 2022. Vingi vinavyouzwa leo ni nakala tu. Toleo la kwanza la programu ya chipu ile halikuwekewa kinga ya kunakiliwa, na tangu hapo nakala zikatapakaa. Mnunuzi ajue kwamba namba ya toleo iliyochapishwa kwenye kava si ushahidi wa lolote: "1.5" ni namba ambayo wenye chipu hawakuwahi kuitoa, na nakala nyingi zinazojiita "2.1" zimepunguziwa amri, kiasi kwamba programu ya simu inaunganika vizuri kisha inakwama inapouliza jambo lisilo la kawaida. Cha kwanza nilichonunua kilikuwa cha aina hiyo, nikakiweka kando baada ya wiki mbili. Cha pili kinajibu amri zote nilizokipa, na ndicho ninachokizungumzia hapa.

Kazi yake ya msingi inaifanya vizuri sana. Soketi yenye matundu 16 imekuwa sharti kwa magari madogo mapya yanayouzwa Marekani tangu matoleo ya mwaka 1996. Katika Umoja wa Ulaya ilianza na magari ya petroli mwaka 2001, kisha ya dizeli yakafuata. Kupitia soketi hiyo, kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, inalazimika kutoa misimbo ya hitilafu kwa lugha inayojulikana na wote. Msimbo P0301 una maana ileile kwenye gari la Kijapani na la Kijerumani: silinda ya kwanza inamisi, yaani haichomi mafuta inavyotakiwa. P0420 ni kisafishaji cha moshi, yale yanayoitwa masega, kutofanya kazi inavyotakiwa. Usawa huu ni hazina kwa mtu wa kawaida, na inafaa kukumbuka kwamba hatukuupata kwa sababu kuna aliyetetea haki ya mwenye gari. Ulitokana na sheria za hewa safi, hasa zile za jimbo la California, zilizotaka kila gari liweze kujieleza pale linapochafua hewa. Ndiyo maana lugha hiyo ya wote inahusu injini na moshi, ilhali breki, mifuko ya hewa, usukani na milango kila mtengenezaji anaviandikia lugha yake mwenyewe.

Faida ya kifaa niliiona mwezi wa pili. Taa ya injini iliwaka, na gereji moja, ambayo sitaitaja, iliunganisha mashine yake kwa dakika mbili na kuniambia kwamba sensa ya oksijeni imekufa, ninunue mpya. Niliporudi nyumbani nilichomeka kisomeo changu nikakuta P0171, msimbo unaosema kwamba mchanganyiko wa hewa na mafuta una hewa nyingi mno. Msimbo huo hautaji sensa yoyote. Unaeleza kilichoonekana, na kazi ya kutafuta chanzo inabaki kwa mtu. Nikafungua kumbukumbu ya hali ya gari wakati hitilafu ilipojitokeza: gari limesimama, injini imepata joto, inaunguruma polepole. Kisha nikaangalia namna kompyuta inavyosahihisha mafuta muda huohuo injini ikifanya kazi. Likiwa limesimama, kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta kwa asilimia 18 juu ya kiwango chake cha kawaida. Nilipokanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ongezeko lilishuka hadi asilimia 4. Tofauti hiyo inaeleza mengi. Kama tatizo lingekuwa pampu dhaifu au nozeli zilizoziba, upungufu ungezidi kadiri injini inavyodai mafuta mengi. Ukipungua injini inapokimbia, kuna mahali hewa inaingia bila kupimwa, kwa sababu tundu dogo lina uzito mkubwa pale injini inapovuta hewa kidogo, na linakuwa si kitu pale inapovuta hewa nyingi. Nilipapasa mipira yote (mabomba laini ya kupitisha hewa) nyuma ya manifoldi, njia inayoingiza hewa kwenye injini, nikakuta mmoja umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Nikaubadilisha, nikafuta msimbo, na taa haijawaka tena kwa sababu hiyo.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu linaonyesha kile hasa kinachogombaniwa. Ujuzi wa kutengeneza gari haujahamia kwenye kompyuta. Mpira uliopasuka bado ni mpira, na bado unabadilishwa kwa bisibisi. Kilichohamia kwenye kompyuta ni ushahidi, na mtu asiyeweza kuufikia ushahidi analazimika kumwamini yeyote aliye nao, hata pale mwenye nao hakuusoma vizuri.

Kasoro za kisomeo kidogo ni tatu, na zote ni za uzito. Ya kwanza ni kwamba tundu la 16 la soketi hubeba umeme wa betri hata gari likiwa limezimwa, kwa hiyo kifaa kinachoachwa kimechomekwa hunyonya betri usiku kucha. Gari likikaa wiki nzima bila kuendeshwa, huenda lisiwake. Ya pili ni usalama: vingi vya aina hii hukubali kuunganishwa kwa namba ya siri 1234 au 0000, jambo linaloruhusu simu yoyote iliyo karibu kuingia kwenye mawasiliano ya gari. Kichomoe kila unapomaliza. Ya tatu inatokana na mtumiaji zaidi kuliko kifaa: kitufe cha kufuta misimbo kiko karibu mno na kidole. Ukifuta kabla ya kuandika ulichokiona, unapoteza kumbukumbu ya hali ya gari, na majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe yanaanza upya kutoka mwanzo. Mtu anayenunua gari lililotumika na kukuta majaribio hayo yote hayajakamilika ana kila sababu ya kumuuliza muuzaji ni nini kilichofutwa jana.

Mpaka hapo ningekipa kisomeo hiki sifa kamili. Ukuta nilikutana nao nilipotaka kubadilisha pedi za breki za nyuma.

Gari langu halina hendibreki ya kuvuta kwa mkono. Lina kitufe, na ndani ya kila kalipa ya nyuma, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu, kuna mota ndogo inayosukuma pistoni. Zamani kazi hii ilihitaji spana, jeki na kifaa cha kurudisha pistoni. Sasa, kabla ya kugusa pistoni, ni lazima mota irudi nyuma yenyewe kwa amri ya kompyuta; ukiisukuma kwa nguvu, unavunja gia zilizo ndani na unanunua kalipa nzima. Magari mengine yana njia ya kuingiza breki katika hali ya matengenezo kwa kukanyaga pedali na kubonyeza kitufe kwa mpangilio maalumu. Langu halina. Kisomeo kidogo, ambacho kilinionyesha mpira uliopasuka, hapa kilikuwa bubu, kwa sababu amri ya breki haimo katika lugha ile ya wote.

Ndipo nikanunua kifaa cha pili. Hiki kina kioo cha kugusa, kebo nene, na orodha ndefu ya watengenezaji, na kila mmoja ana menyu yake ya kompyuta zote za gari: injini, giaboksi, breki, mifuko ya hewa, usukani, viyoyozi. Kina pia sehemu ya kazi maalumu: kurudisha mota za breki, kutoa hewa kwenye mfumo wa breki usiofunga magurudumu, kusawazisha sensa ya pembe ya usukani baada ya kazi ya chini ya gari, kusajili betri mpya kwa magari yanayopanga namna ya kuichaji kulingana na umri wake, na kuandika namba za nozeli za dizeli ambazo kiwanda kimezichapa kwenye kila nozeli. Nilichagua breki, nikachagua "fungua kwa matengenezo", mota zikalia kwa sekunde chache, pistoni zikarudi kwa mkono bila taabu. Nikafunga pedi mpya, nikatoa amri ya kufunga na kusawazisha, nikalijaribu gari polepole. Kazi nzima haikuzidi saa moja na nusu. Kwa upande wa uwezo, kifaa hiki ni bora kwa mbali.

Kina mapungufu yake. Tafsiri ya menyu ni mbovu mahali pengi, na katika kifaa kinachogusa breki jambo hilo halivumiliki: mahali pamoja, amri ya kufungua na amri ya kufunga zilielezwa kwa maneno yanayokaribiana kiasi cha kumchanganya mtu. Masasisho ya programu hutolewa bure kwa muda maalumu tu, kisha mtu hulipia, ingawa kifaa kinaendelea kufanya kazi na kile kilichomo. Baadhi ya kazi zilizoorodheshwa kwa gari langu hazifanyi kazi kabisa, na hakuna njia ya kulijua hilo kabla ya kununua. Hata hivyo, kwa gari la umri kama langu, ningekinunua tena.

Gari la shemeji ni habari nyingine. Aliniomba nimbadilishie pedi za nyuma, kazi ileile, kwa kifaa kilekile, na nikamwambia kwa ujasiri kwamba tutamaliza kabla ya chakula. Tuliliinua gari, tukatoa gurudumu, nikachagua amri niliyoizoea. Kioo kikajibu kwamba sina idhini. Kusoma misimbo kuliruhusiwa. Tuliona kila kompyuta, kila halijoto, kila sensa ya gurudumu. Lakini amri yoyote ya kufanya jambo, hata kufuta msimbo wa zamani, ilirudishwa. Kati ya soketi na mtandao wa ndani wa gari, mtengenezaji ameweka kompyuta ya ulinzi inayokagua kila ujumbe unaoingia, na haipitishi amri mpaka kifaa kiwe kimejisajili kwenye seva yake kupitia intaneti, kwa akaunti ya mtu aliyekubaliwa. Shemeji aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kwani gari si langu?" Tulirudisha gurudumu na pedi za zamani, tukashusha jeki.

Nataka kuutendea haki upande wa watengenezaji, kwa sababu hoja yao ina msingi. Mwaka 2015 watafiti wawili, Charlie Miller na Chris Valasek, walionyesha kwamba wanaweza kuingilia gari aina ya Jeep Cherokee kutoka mbali, likiwa barabarani, na magari yapatayo milioni 1.4 yakaitwa ili yarekebishwe. Mtu mwenye akili timamu hawezi kupuuza jambo hilo. Lakini njia waliyopita ilikuwa ni mawasiliano ya simu yaliyofungwa ndani ya gari na kiwanda chenyewe. Hawakuhitaji kuchomeka chochote chini ya usukani. Mlango wa hatari ulikuwa ule usio na waya, na waliobanwa na kufuli ya soketi ni wale waliokaa ndani ya gari wakiwa na funguo zake mkononi. Nakubali kabisa kwamba kazi ya kutengeneza ufunguo mpya iwekewe uthibitisho mkali, kwa kuwa wezi wanaitumia soketi kwa kazi hiyo. Pedi za breki haziibi gari.

Sheria nazo zimeanza kulifikia swali la shemeji, ingawa kwa hatua zisizolingana. Wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliamua mwaka 2012 kwamba watengenezaji watoe kwa wamiliki na mafundi huru taarifa na zana zilezile wanazowapa mawakala wao. Mwaka 2014 vyama vya watengenezaji vilikubali kuufuata utaratibu huo katika Marekani nzima. Mwaka 2020 wapiga kura haohao waliongeza takwimu zinazosafirishwa bila waya, kwa sababu walikwisha kuona kwamba gari linaweza kuacha kuzungumza kupitia soketi na kuanza kuzungumza na kiwanda moja kwa moja. Watengenezaji walikwenda mahakamani, na shauri likachukua miaka. Maine ilifuata kwa kura mwaka 2023. Kwa upande wa hakimiliki, tangu mwaka 2015 Marekani imeruhusu, kwa msamaha unaopaswa kuombwa upya kila baada ya miaka mitatu, kuvuka kufuli za programu za gari kwa ajili ya kulitengeneza. Afrika Kusini ilianza kutumia mwongozo wa Tume yake ya Ushindani tarehe 1 Julai 2021, unaompa mwenye gari nafasi ya kumchagua fundi huru hata gari likiwa bado kwenye dhamana. Australia iliweka mpango wa lazima wa kutoa taarifa za matengenezo tarehe 1 Julai 2022.

Uamuzi unaogusa moja kwa moja kilichotupata ni wa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, tarehe 5 Oktoba 2023, katika shauri namba C-296/22. Mahakama ilisema kwamba mtengenezaji hawezi kuifanya haki ya kufikia taarifa kupitia soketi itegemee masharti ambayo kanuni ya Umoja huo yenyewe haikuyataja, na masharti yaliyokuwa mbele yake yalikuwa hayohayo: kujisajili na kuunganisha kifaa kwenye seva ya mtengenezaji. Waliofungua shauri walikuwa kampuni za matengenezo, zenye mawakili na fedha za kwenda mbali. Mtu mmoja mwenye jeki na pedi za breki asingeweza kulifikisha huko, lakini hoja aliyokuwa nayo shemeji siku ile ndiyo iliyoshinda.

Kuna njia ya tatu ambayo nimeijaribu mara moja tu, nayo ni kulipia programu ya mtengenezaji mwenyewe kwa siku chache na kuitumia kwa kiunganishi cha kiwango cha J2534, kifaa cha kati kinachounganisha kompyuta yako na gari. Unapata kila kitu alichonacho wakala, pamoja na michoro ya nyaya, ambayo ni mizuri kupita kiasi. Inafaa kwa kazi moja kubwa, kama kuweka programu mpya kwenye kontroli boksi, lakini usiianze bila chaja imara kwenye betri: umeme ukipungua katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kufa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa manunuzi ni huu. Mwenye gari lililokwisha kutoka kwenye dhamana, asiyetaka zaidi ya kujua taa inasema nini, achukue kisomeo kidogo, mradi muuzaji amkubalie kukirudisha endapo kitakwama. Anayefanya breki, betri na nozeli mwenyewe achukue cha mkononi, na kabla ya kulipa aulize kwa maandishi kama kazi anayoitaka inafanya kazi kwa toleo na mwaka wa gari lake. Orodha iliyo kwenye boksi haitoshi. Anayenunua gari jipya aende na kisomeo, asome misimbo, kisha ajaribu kutoa amri moja ndogo kama kuwasha feni. Gari likikataa, hilo ni sehemu ya bei yake, na muuzaji aulizwe ni nani anayetoa idhini, kwa malipo gani na kwa miaka mingapi. Anayefikiria gari la umeme aulize zaidi, kwa kuwa sheria za moshi zilizotupa soketi ya wote hazikulilazimisha gari lisilo na moshi, na yapo magari yasiyo na soketi hiyo kabisa.

Pedi za shemeji zilifungwa siku tisa baadaye, baada ya kampuni inayouza kifaa changu kunipa njia ya kujisajili kwa mtengenezaji na ombi langu kukubaliwa. Simu ikiwa imeunganishwa na intaneti, mota zililia kwa sekunde zilezile chache kama kwenye gari langu. Idhini hiyo ni ya mwaka mmoja.